Mwiriwe ya Baba

Likizo ndefu ya mwaka wa pili tulipelekwa Kigoma wanafunzi watatu, kila mmoja na utafiti wake. Mmoja alikuwa dada wa kilimo kutoka Mbeya, aliyekuja kuchunguza ugonjwa wa batobato kwenye mihogo. Wa pili alikuwa kijana wa Pemba aliyesomea wanyamapori, lakini katika viumbe wote akawachagua nyuki. Wa tatu nilikuwa mimi, mwanafunzi wa isimu, na nilikuja kutafuta mahali Kiha kinapoishia na Kirundi kinapoanzia.

Nikiandika hivi inaeleweka. Kule ilinishinda kuisema.

Mara ya kwanza ilikuwa Kibondo, tulipokwenda kuripoti ofisini. Ofisa aliyetupokea alikuwa baba mtu mzima, mpole, mwenye koti zito kwa sababu asubuhi za kule zina baridi. Mwalimu wetu msimamizi alimweleza kwamba ni vijana wake, wamekuja kwa utafiti wa likizo, kisha akatuambia tujitambulishe mmoja mmoja.

Dada wa Mbeya alisema mihogo, na ofisa akavuta kiti karibu. "Dawa ipo?" akauliza. "Maana shambani kwangu majani yamekunjamana yote." Wakaongea mpaka chai ikapoa. Mpemba alisema nyuki, na ofisa akacheka kwa furaha, akamuuliza kama amekwisha onja asali ya Kibondo, akaagiza iletwe hapo hapo katika chupa ya maji.

Zamu yangu ikafika. Nilikuwa nimekariri sentensi yangu ndani ya basi tangu Nyakanazi.

"Mimi nachunguza mipaka kati ya Kiha na Kirundi, jinsi matamshi yanavyobadilika kutoka eneo moja hadi jingine."

"Mipaka," akasema ofisa, na uso wake ukawa wa kikazi. "Mipaka ya ardhi?"

"Hapana, baba. Ya lugha."

"Lugha ina mpaka?"

"Ndio ninaoutafuta."

"Ukiupata utaufanyia nini?"

Nikamtazama mwalimu. Mwalimu alikuwa anatazama simu. Nikasema nitaandika ripoti. Ofisa akatikisa kichwa taratibu, akaniuliza kama mimi ni Muha. Nikamjibu kwamba baba yangu ni Muha wa Kasulu, upande wa Kagerankanda, lakini mimi nimezaliwa Morogoro, na mama yangu ni Mluguru.

"Basi wewe ni wetu," akasema, akanipa mkono mara ya pili. Nilitoka pale nimefurahi. Nilidhani jambo hilo la kuwa wao litanirahisishia kazi.

Niseme kidogo juu ya baba. Alikwenda Morogoro akiwa kijana kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, akajifunza ufundi wa mashine, akaoa, akabaki. Nyumbani tulisema Kiswahili. Kiha chake kilikuwa cha kupigia simu, na alikuwa akitoka nje kukiongea, kama mtu anayetoka kuvuta sigara. Lakini alipotoka kazini jioni alisimama mlangoni, akapiga makofi mawili matatu laini na kusema, "Mwiriwe!" Sisi watoto tulimpigia makofi na kumrudishia neno lile lile. Hicho ndicho Kiha nilichokuwa nacho, na nadhani ndicho kilichonipeleka kusoma isimu.

Chuoni nilikuja kusoma kwamba Waha husema *mwidiwe*, kwa d, na Warundi ndio wasemao *mwiriwe*. Niliona jambo dogo. Nilijieleza kwamba baba amekaa Morogoro miaka mingi mno, Kiswahili kimemlainisha ulimi. Sikumuuliza. Mtu hamuulizi baba yake kwa nini anasalimia anavyosalimia.

Mwalimu alikuwa amepanga nianzie Kumsenga, upande unaoelekea mpakani, kisha nihamie Kagerankanda, ndani zaidi. Maneno yale yale, maswali yale yale, sehemu mbili, halafu nilinganishe. Mpemba naye alikuwa na mizinga ya kutazama sehemu zote mbili, kwa hiyo tukaenda pamoja. Dada wa mihogo alipangiwa Kasulu.

Kumsenga tulikuta mkutano umeitishwa. Mtendaji alikuwa amewatangazia watu kwamba wanakuja wageni wa chuo wenye miradi, na watu walikuwa wengi kweli, akina mama wamekaa kwenye nyasi, wazee kwenye mabenchi. Sikujua mapema uzito wa neno hilo, mradi. Sisi chuoni tukisema mradi tuna maana ya kazi ya darasani. Wao mradi wanaoujua ni ule unaokuja na magari, mbegu, mbuzi wa maziwa na semina yenye soda.

Mpemba alisimama kwanza. "Naitwa fulani, nimekuja na mradi wa nyuki."

Akapigiwa vigelegele. Mzee mmoja akauliza mizinga ya kisasa italetwa mingapi kwa kila kitongoji. Mpemba akaeleza kwamba haleti mizinga, anaitazama tu iliyopo. "Kuitazama," mzee akarudia, akawageukia wenzake na kuwatafsiria kwa lugha yao. Baadaye mama mmoja akauliza kwa upole, "Sasa ukishaitazama?"

Nikasimama mimi. Nilitaka kuanza vizuri, nioneshe kwamba sikuja kama mgeni. Nikapiga makofi kama baba, nikainama kidogo, nikasema kwa sauti, "Mwiriwe!"

Hakuna aliyeitikia. Walinitazama mimi, kisha wakatazamana. Mtendaji akakohoa. Nikadhani sikusikika, nikarudia. Mama mmoja aliyekuwa mbele akavuta kanga akajifunika mabega. Nikaingia moja kwa moja kwenye sentensi yangu ya mipaka, Kiha na Kirundi, nani anatamka hivi na nani anatamka vile, na jinsi nitakavyopita nyumba kwa nyumba nikirekodi sauti kwa simu. Kadiri nilivyoeleza ndivyo benchi la wazee lilivyozidi kupungua. Mtu aliinuka kama anayekwenda kujisaidia na hakurudi. Mkutano uliisha wenyewe, bila kufungwa.

"Nimekosea nini?" nilimuuliza Mpemba njiani.

"Mimi najua?" akasema. "Mimi mwenyewe nimeahidi mizinga, na sijui nimeiahidi saa ngapi."

Nilipangiwa kulala kwa mama mmoja mjane aliyeishi karibu na ofisi ya kata. Alikuwa mwanamke mrefu, mchapakazi, mwenye binti wawili walioolewa mbali. Alinipa chumba cha mmoja wao, akanipikia ugali wa muhogo na maharage, na akaniita "mwalimu" ingawa nilimwambia si mwalimu bado.

Asubuhi nilianza kazi. Kila mlango niliokwenda nilikaribishwa kwa adabu, nikapewa kigoda. Nikiuliza, "Mama, hiki mnakiitaje kwa lugha ya nyumbani?" nikionesha jembe, nilijibiwa, "Jembe." Nikionesha maharage, "Maharage." Watu ambao nilikuwa nimewasikia kutoka barabarani wakizungumza kwa lugha yao, wakicheka, mara nikibisha hodi waligeuka wote wakawa Waswahili. Mzee mmoja aliniambia, akisisitiza kila neno, "Sisi hapa tunaongea Kiswahili. Lugha ya taifa." Mwingine alinionesha kitambulisho chake bila kuombwa. Alikitoa mfukoni, akakishika mbele ya macho yangu nikisome vizuri, akakirudisha. Nilimshukuru. Sikujua ninamshukuru kwa nini.

Mpemba alirudi kila jioni ameumwa na nyuki na amefurahi. Alikuwa akitembezwa na vijana, akilishwa asali na masega yake. Nilimwonea wivu. Nilimpigia mwalimu simu kumweleza, akasema niongeze bidii, pengine sijitambulishi vizuri. Basi nikabadilisha. Nyumba moja nilisema nimekuja kujifunza mila. Nyumba nyingine nikasema nimekuja kujifunza salamu. Kwa mama mmoja nikasema tu mimi ni mwanafunzi nimepita kusalimia, na huyo alinikaribisha viazi, tukala, akanisindikiza, na hakunipa neno hata moja ninaloweza kuliandika.

Kisha wakaja akina mama kumwona mwenyeji wangu. Ilikuwa mchana, tuko uani tunamenya mihogo ya kuvundika. Waliingia watatu, wakakaa, wakasalimia kwa Kiswahili kwa ajili yangu, halafu wakaanza kuongea naye kwa lugha yao, kwa sauti ya chini. Nilisikia neno "mgeni" likitajwa kila mara. Mwenyeji wangu aliendelea kumenya. Mwisho akaweka kisu chini akanigeukia.

"Mwanangu, hawa wanataka nikuombe uondoke."

"Kwa nini, mama? Nimefanya nini?"

Aliyejibu ni mkubwa wao, bibi mwenye kilemba cha kijani. "Walishakuja watu," akasema. "Si wa chuo, wa uhamiaji. Wakapita kama unavyopita wewe, sema hivi, sema vile. Aliyesema vile wakamwambia wewe si wa hapa. Kuna kijana wa jirani yangu hapo, aliondoka kwenda kujieleza, alikaa huko mpaka mahindi yakavunwa. Kazaliwa hapa, kasoma hapa. Kosa lake ni mdomo."

Nilikuwa nimesoma vitabu vingi kuhusu matamshi, na hakuna kilichoniambia hivyo. Nilitaka kusema kwamba mimi sina uhusiano na watu hao, lakini nikasikia jinsi ambavyo ingesikika. Hao nao bila shaka walisema walikuja kwa nia njema.

Mwenyeji wangu ndiye aliyenisaidia, au alidhani ananisaidia. Akasema, "Hebu sema tena ile salamu uliyosema mkutanoni."

Nikaisema, kwa sauti ndogo.

"Nani kakufundisha?"

"Baba."

"Baba yako wa wapi?"

"Kasulu. Kagerankanda."

Yule bibi wa kilemba akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyemkamata mtoto anadanganya. "Kagerankanda hawasemi hivyo! Hivyo anasema mtu wa ng'ambo, Burundi." Akanisogelea, akanitazama usoni kama anayetafuta kitu alichokisahau. "Babu yako anaitwa nani?"

Nikamtajia, wakalirudia kama jina wanalolijua. Wakaongea wenyewe kwa wenyewe, haraka, na sasa hawakushusha sauti. Mwenyeji wangu alitabasamu. Kisha bibi akanipiga begani, akasema kwa Kiswahili, "Yoo! Kumbe wewe ni mwenzetu na unaogopa kama sisi. Ungesema tangu juzi."

Nikasema hapana, mimi ni Muha, baba yangu ni Muha. "Ndiyo, ndiyo," wakanijibu wote pamoja, kwa huruma, jinsi mtu anavyokubali uongo unaostahili kukubaliwa. "Hata sisi ni Waha."

Tangu siku hiyo milango ilifunguka. Sijui bibi aliwaambia nini watu, lakini kila nilipofika waliniongelea kwa lugha yao moja kwa moja, polepole, ili nielewe, na wakanisahihisha kwa upendo. Walinipa salamu za asubuhi na za jioni, za msibani, za kumpongeza aliyejifungua. Waliongea karibu na simu yangu bila wasiwasi. Nilipata kila kitu mwalimu alichotaka na zaidi. Na kila nilipokipata nilijiuliza ni nani aliyepewa, maana mtu waliyekuwa wakimpa hata mimi sikumjua.

Kilichonichanganya zaidi ni maswali yao. Baba mmoja mwenye watoto wadogo alinisubiri njiani, akaniuliza kwa faragha, "Nyinyi huko Morogoro mlifanyaje mkapata vitambulisho? Mlianzia ofisi gani?"

"Sijui, baba. Sisi tulijiandikisha tu."

Akatikisa kichwa kwa heshima. "Una akili wewe. Hutaki kumtaja mtu aliyewasaidia."

Nilipanda kilimani nyuma ya shule, mahali ambapo mtandao ulishika, nikampigia baba. Alifurahi kunisikia. Akauliza kama mihogo ni mizuri mwaka huu, kama barabara imekwisha wekwa lami yote, kama watu wananitunza. Nilimjibu yote. Kisha nikamuuliza, "Baba, kwa nini wewe unasema *mwiriwe*? Kasulu wanasema *mwidiwe*."

Nilisikia mashine ikilia nyuma yake.

"Nani kakuuliza?"

"Hakuna, baba. Ni utafiti wangu."

"Utafiti wako ni juu yangu?"

"Hapana. Ila watu hapa wanasema ni salamu ya ng'ambo."

"Watu wa hapo wananijua?" Hakuwa na hasira. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeamshwa. "Mwanangu, soma ulichokwenda kusoma. Ukifika Kagerankanda msalimie shangazi yako. Na uvae sweta." Simu ikakatika, na sijui kama ilikatwa au mtandao ulipotea.

Siku niliyoondoka Kumsenga mwenyeji wangu alinifungia maharage kwenye mfuko, akanisindikiza mpaka barabarani. Tulipokuwa tunasubiri gari nilimwambia ukweli kadiri nilivyoujua. Kwamba sijui babu yangu alitoka wapi. Kwamba pengine mimi si mwenzao hata kidogo, na wamenieleza mambo yao bure.

"Na pengine ni mwenzetu," akasema.

"Ndiyo, pengine."

"Sasa wewe unataka nikufanyeje?" Akaniwekea mfuko mkononi. "Kula maharage."

Kagerankanda tulifika mimi na Mpemba jua likiwa kali, vumbi limetujaa mpaka kwenye kope. Nyumba ya shangazi haikuwa ngumu kuipata. Nilipotaja jina la baba kwa mtu wa kwanza tuliyekutana naye, aliacha jembe lake akatutangulia. Shangazi alikuwa mdogo wa umbo kuliko nilivyofikiri, na alipiga makofi kama baba hasa, mikono ikiwa chini, mwili umeinama. Lakini alisema, "Mwidiwe!" Kwa d. Niliisikia ile d kama mtu amegonga meza.

Nilimjibu kwa d. Ulimi wangu ulikwama kidogo.

Aliniita mama, kwa sababu alisema nina uso wa mama yake. Alimkamatia Mpemba kuku, akamwambia achinje mwenyewe kwa dini yake, na Mpemba, ambaye hajawahi kuchinja kuku maishani mwake, alitoka nje na kisu akiwa amekodoa macho. Tulicheka mpaka shangazi akafuta machozi. Katikati ya kicheko hicho akaniuliza, "Na baba yako bado anasema kwa mdomo wa mama?"

"Mdomo wa mama vipi, shangazi?"

"Si anasema *mwiriwe*! Mama alikuja na hiyo kutoka kwao. Sisi wengine tulikua na watoto wa jirani, tukasema kama wao. Yeye alikuwa mtoto wa mgongoni, hakuachana na mama. Akabaki nayo."

"Kwao mama ni wapi?"

Kabla hajajibu, baba mdogo, mdogo wao wa mwisho, aliyekuwa amekaa mlangoni akinoa panga, akasema bila kuinua kichwa, "Mama alikuwa wa Heru. Hapa hapa Kasulu."

"Nani wa Heru?" shangazi akamgeukia.

"Mama."

"Wewe ulikuwa na umri gani mama alipokufa?"

"Nimesema alikuwa wa Heru." Akaendelea kunoa. Shangazi akamtazama, akanitazama mimi na simu yangu iliyokuwa mezani, imezimwa, lakini iko mezani. Uso wake ukabadilika.

"Haya," akasema. "Alikuwa wa Heru."

Nilikaa pale mpaka Mpemba akamaliza mizinga yake. Nilijaribu kumuuliza shangazi tena tukiwa kisimani, peke yetu. Akaniambia mama yake alikuja kuolewa akivuka mto kwa miguu, akiwa amebeba kibuyu cha siagi ya ng'ombe kichwani. Mto gani? Mto tu. Kesho yake nilimuuliza jina la mto, akasema hajawahi kuniambia habari za mto, labda nimemwelewa vibaya kwa sababu Kiha changu ni kidogo. Labda ni kweli. Hata leo siwezi kuapa kwamba nilisikia mto. Kibuyu nina hakika nacho.

Nikamsimulia Mpemba tukiwa Kasulu mjini, dukani kwa mjomba wake, mfanyabiashara wa vitambaa aliyehamia kule zamani kutoka Pemba. Tulikuwa tumekaa juu ya marobota tukinywa chai ya tangawizi. Nilimwambia sijui nitaandika nini. Nikiandika nilichopata Kumsenga nitakuwa nimechora kwa kalamu yangu ule mstari waliouogopa, huku nani, huko nani. Nisipoandika nimepoteza likizo nzima na nauli ya chuo.

"Na mimi niko upande gani wa huo mstari?" nikamuuliza. "Hata hilo sijui."

Aliyejibu ni mteja aliyekuwa akichagua vitenge, mama wa Kikongo kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu anayeuza rejareja, mtu wa nyumbani pale dukani. "Miye bananiuliza kila siku ile mambo," akasema. "Weye ni wa wapi, ulitoka wapi, batoto balizaliwa wapi. Minachoka. Siku ingine minajibu ya kweli, siku ingine minajibu ile iko mwepesi." Akainua kitenge kwenye mwanga. "Hii rangi itatoka?"

"Haitoki," mjomba akasema.

"Unasemaka vile siku yote."

Wakaanza kubishana bei, yeye kwa Kiswahili cha Kongo, mjomba kwa Kipemba kilichokwisha changanyika na kila kitu, na mara mjomba akatupa neno la Kiha, na mama akalidaka na kumrudishia na la Kifaransa. Wakapatana. Nilitoa kalamu yangu na nikamwomba ruhusa kwanza, kabla ya jambo lolote. Nikamweleza ninataka nini na nitaandika nini. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Ya vitenge tu?" akauliza. Nikasema ya vitenge tu, jinsi mnavyopatana bei. "Basi andika," akasema, "lakini andika na ile amekatala kunipunguzia."

Ndivyo utafiti wangu ulivyogeuka. Siku zilizobaki nilikaa masokoni, Kasulu kisha Kibondo, nikisikiliza wauzaji na wanunuzi wanavyobadilisha Kiswahili chao wanapotaka kupatana. Sauti za Kumsenga nilizifuta. Nilizisikiliza kwanza mara moja zote, nimekaa kitandani gesti, kisha nikafuta moja baada ya nyingine. Yule bibi wa kilemba alikuwa ameimba kidogo mwishoni mwa moja, na hiyo ilinichukua muda.

Kabla ya kuondoka tulifanya kikao cha kuwasilisha kazi zetu katika ukumbi mmoja mjini Kasulu. Walikuja walimu wachache, maofisa wa kilimo, na wakulima waliopenda. Dada wa Mbeya aliongoza, akaonesha picha za majani, watu wakaandika. Mpemba alisema wazi mwanzoni kabisa kwamba hana mizinga, ukumbi ukacheka. Mimi nilisimama nikasema jina langu na chuo changu, nikasema nimechunguza lugha ya sokoni, na kwa mara ya kwanza watu walielewa tangu sentensi ya kwanza. Muuza dagaa mmoja alisimama kuniongezea mifano.

Mwalimu alinifuata baadaye nje. "Na Kumsenga?" akauliza. "Uliniambia ulikuwa umeanza kupata vitu vizuri sana."

"Nilivipata. Sikuwa na haki navyo."

"Haki kivipi? Walikataa?"

"Hawakukataa. Walikubali kwa sababu walinidhania mtu mwingine." Nikaanza kumweleza habari za baba, nikaona ninamweleza jambo ambalo sijalielewa, nikaacha. Alikunja uso, akasema ningeshauriana naye kwanza kabla ya kufuta. Pengine ana haki. Alinipa alama ya kawaida, na kwenye maoni aliandika kwamba mwelekeo wa kazi haukuwa thabiti.

Morogoro nilifika Jumamosi. Jumapili baada ya kanisa nilimkuta baba kwenye bustani yake ya mboga nyuma ya nyumba, nikachukua ndoo nikamsaidia kumwagilia. Tulimwagilia mpaka matuta ya mwisho.

"Shangazi yako amenipigia," akasema. "Amesema umefanana na mama."

"Ameniambia pia."

"Nilikuwa sijaliona hilo. Sasa nikikutazama naona." Akang'oa gugu, akalikung'uta udongo.

"Baba, bibi alikuwa wa wapi?"

Alisimama akiwa ameshika lile gugu. Nilidhani atakasirika, au ataniambia Heru, au ataniambia habari za mto. Niliona anatafuta kweli, macho yamesinyaa, kama mtu aliyeulizwa jina la mtu anayefahamiana naye ambalo limemponyoka.

"Mimi nilimkuta nyumbani," akasema mwisho. "Hakuna aliyewahi kuniambia mapema kwamba ni jambo la kuuliza."

Akaniomba ndoo. Nikampa, akaenda kuijaza bombani, nami nikabaki nimesimama kati ya matuta ya mchicha, miguu imelowa, nikiwa sijui kama nimejibiwa.